Michel de Klerk: Mtoto wa 25 aliyewajengea vibarua kasri la matofali

ALIZALIWA Novemba 24, 1884. Akaaga dunia Novemba 24, 1923. Michel de Klerk alifariki siku ile ile aliyotimiza umri wa miaka 39, nimonia ikimchukua wakati mikono yake ilikuwa bado imejaa kazi.

Ukihesabu majengo aliyoyakamilisha, si mengi. Lakini zaidi ya miaka 100 baadaye, watu bado hufunga safari hadi Amsterdam, Uholanzi, na badala ya kwenda tu kutazama michoro maarufu katika makavazi ya mjini, hushika njia hadi mtaa wa kawaida ulio kando ya reli ili kuona nyumba za kupanga.

Ndiyo, nyumba za kupanga. Tena za watu wa mapato ya chini.

Sasa jamaa huyu alifanya nini na matofali hadi dunia ikamkumbuka? Na mbona wapo waliosema kwamba alikuwa anachezea pesa za umma?

Mtoto wa mtaa

De Klerk alizaliwa katika mtaa wa Wayahudi jijini Amsterdam, katika familia isiyokuwa na chochote cha kujivunia mbele ya majirani. Babake alikuwa mfanyakazi wa almasi. Usidanganyike na jina hilo. Almasi zilikuwa za wenyewe, jasho ndilo lilikuwa lake.

Michel alikuwa mtoto wa 25 wa mzee huyo. Hujasoma vibaya: ishirini na tano. Na babake alifariki kijana akiwa bado mdogo.

Amsterdam ya wakati huo ilikuwa inafura kila uchao. Watu walimiminika kutoka mashambani kutafuta vibarua bandarini na viwandani, na kufikia 1900 jiji lilikuwa na wakazi zaidi ya nusu milioni. Nyumba hazikutosha hata kidogo.

Familia nzima ililala katika chumba kimoja. Wengine waliishi katika vyumba vya chini ya ardhi vilivyojaa unyevu, na vitanda vilijengwa ndani ya ukuta kama kabati ili nafasi ya kukanyaga ipatikane. Wawekezaji walijenga haraka haraka, kwa bei ya chini, wakakusanya kodi. Kuta zikipasuka, hiyo ilikuwa shida ya mpangaji.

Huko ndiko alikokulia kijana ambaye baadaye angeulizwa kwa nini anawajengea maskini nyumba nzuri kupita kiasi.

Shule yake ilikuwa ofisini

Mnamo 1898, akiwa na umri wa miaka 14 tu, De Klerk aliingia katika ofisi ya msanifu majengo Eduard Cuypers. Alianzia chini kabisa. Kilichombeba kilikuwa kipaji kimoja: alijua kuchora.

Hakuwahi kuketi katika ukumbi wa chuo kikuu. Mchana alifanya kazi, jioni akaenda darasani kusomea ufundi. Ofisi ya Cuypers ikawa ndiyo chuo chake, na alikaa humo takriban miaka 12.

Hapo ndipo alipokutana na vijana wawili wenye kiu kama yake, Johan van der Mey na Piet Kramer. Watatu hao hawakujua kwamba siku moja majina yao yangetajwa pamoja katika kila kitabu kinachozungumzia majengo ya Uholanzi.

Ni ofisini humo pia alimofahamiana na Lea Jessurun, aliyekuwa mfanyakazi mwenzake. Walioana 1910, mwaka aliojiondoa kwa Cuypers, na wakaelekea Skandinavia. Huko De Klerk alitembea na daftari lake, akichora alichokiona.

Aliporudi nyumbani, hakuwa na ofisi kubwa wala wateja waliopanga foleni. Alijaribu bahati katika mashindano mbalimbali ya usanifu, na mara nyingi ushindi ulienda kwa wengine. Lakini waamuzi na wasanifu wenzake walianza kuuliza: huyu anayechora hivi ni nani?

Tofali si tofali tu

Ili uelewe alichokifanya, lazima kwanza uelewe Uholanzi yenyewe. Ni nchi tambarare iliyokosa mawe ya kujengea. Lakini mito yake mikubwa imeleta udongo wa mfinyanzi kwa maelfu ya miaka, hivyo kwa karne nyingi Waholanzi wamechoma matofali na kujenga nayo karibu kila kitu, kuanzia makanisa hadi barabara.

Mwanzoni mwa karne ya 20, bingwa wa usanifu nchini humo alikuwa Hendrik Petrus Berlage. Yeye alifundisha kwamba jengo lisidanganye. Ukuta uonekane kuwa ukuta, uwe bapa na mtulivu, na kila tofali lionyeshe kazi linayoifanya.

De Klerk alimheshimu mzee huyo, lakini alikuwa na wazo lingine. Yeye aliona tofali kama udongo ambao bado haujakauka. Kwake, ukuta ungeweza kupinda na kuvimba, au kuteremka kama kitambaa kilichoanikwa.

Alikuwa mtu wa penseli, si wa maneno, na aliandika machache mno maishani mwake. Lakini mnamo 1916, Berlage alipokuwa akisherehekewa kwa kutimiza miaka 60, De Klerk alithubutu kuandika kwamba mzee alikuwa hodari katika mambo ya ufundi lakini kwa upande wa sanaa alikuwa ameachwa nyuma na wakati. Hebu fikiria kijana wa miaka 31 akimwambia hivyo gwiji wa nchi nzima.

Kufikia hapo alikuwa tayari ameonyesha kwamba si domo tu. Kati ya 1912 na 1916, Van der Mey alimwita yeye pamoja na Kramer wasaidiane katika jengo la kampuni za meli karibu na bandari, linaloitwa Scheepvaarthuis, yaani Nyumba ya Usafiri wa Majini. Mifupa ya jengo hilo ni ya zege. Kwa kuwa zege ndilo lililobeba uzito, matofali ya nje yalikuwa huru kucheza. Waashi na wachongaji walilipamba kwa mawimbi, mabaharia, nanga na viumbe wa baharini kutoka chini hadi paani.

Mwaka huo huo wa 1916, mtindo wao ulipewa jina ambalo limedumu hadi leo: Mkondo wa Amsterdam.

Lakini Scheepvaarthuis lilikuwa jengo la mabwanyenye wa meli. Urembo kwenye jumba la matajiri haukumshtua yeyote. Kelele zilianza De Klerk alipoupeleka urembo huo kwa vibarua.

Sheria iliyobadilisha mambo

Mnamo 1901, bunge la Uholanzi lilipitisha Sheria ya Nyumba. Iliruhusu serikali kuvikopesha pesa vyama vya nyumba visivyotafuta faida, kwa masharti nafuu, ili vijenge makao bora kwa wafanyakazi. Wafanyakazi wakaanza kujiunga. Jijini Amsterdam, mojawapo ya vyama hivyo kilikuwa Eigen Haard, jina linalomaanisha mtu kuwa na meko yake mwenyewe. Kilianzishwa 1909.

De Klerk hakuanzia huko, ingawa. Mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa mwekezaji binafsi, Klaas Hille, aliyemwagiza jengo la nyumba za kukodisha mjini. Baadaye Hille alimpeleka katika mtaa wa Spaarndammer, magharibi mwa jiji, eneo la wafanyakazi wa bandari na reli. Huko De Klerk alichora jengo la kwanza lililotazamana na bustani ndogo ya mtaa.

Mara vita vya kwanza vya dunia vikalipuka, 1914. Uholanzi haikuingia vitani, lakini bei za vifaa vya ujenzi zilipanda na wawekezaji wengi wakakunja mikono. Hille alishindwa kuendelea na mradi wa pili.

Hapo ndipo Eigen Haard ilipojitokeza na kuuchukua. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya mfanyabiashara sasa ikawa mali ya chama cha wafanyakazi. Jengo likasimama upande wa pili wa bustani, na wanachama wakalipenda. De Klerk akaitwa tena kwa jengo la tatu. Safari hii, chama kilimwachia mkono.

Meli iliyotia nanga mtaani

Jengo hilo la tatu alilichora 1917, na ujenzi ukakamilika 1921. Watu walilibandika jina Het Schip, yaani Meli, na ukilitazama unaelewa sababu. Ploti yenyewe ina umbo la pembetatu, na jengo linaijaza yote kama meli iliyopanda nchi kavu. Upande mmoja kulikuwa na shule iliyokwisha kujengwa. Badala ya kuikwepa, De Klerk aliifumbata ndani ya jengo lake.

Ndani ya meli hiyo kulikuwa na nyumba 102, ofisi ya posta na ukumbi mdogo wa mikutano uani.

Tembea kando yake polepole. Matofali yake ni ya rangi ya machungwa iliyoiva. Mahali fulani yamelala kama kawaida, mahali pengine yamesimamishwa wima, kwingine yanapanda na kushuka kama mawimbi. Vigae, ambavyo kwa kawaida hukaa paani, vimeteremshwa hadi ukutani. Kwenye kona moja ukuta umevimba na kutokeza juu ya barabara kama biri nene. Milango haifanani, na hata nambari za nyumba zimechongwa kwa mkono wa mtu aliyejali.

Upande wa uwanja mdogo wa nyuma kuna mnara mrefu mwembamba. Hauna kengele wala saa, na hakuna anayeishi humo. Kazi yake ni moja tu: ukiutazama, ujue kwamba umefika nyumbani.

Kwenye ncha ya pembetatu ndipo ilipokuwa posta. De Klerk aliichora yote, kuanzia kaunta na vigae vya ukutani hadi vioo na kibanda cha simu kilichopambwa kwa ndege waliotua juu ya nyaya. Kumbuka kwamba wakati huo kibarua hakuwa na simu nyumbani, na wengi hawakuwahi kuingia benki. Posta ndiko alikotuma barua, akapiga simu na kuweka akiba yake ndogo. De Klerk aliona mahali hapo pastahili heshima kama ya benki ya matajiri.

Waandishi na wageni waliofika walianza kuliita kasri la wafanyakazi.

Pesa za nani, urembo wa nani?

Lakini si kila mtu alipiga makofi.

Wakosoaji walihoji gharama. Matofali yaliyopinda yanahitaji fundi stadi, muda na pesa. Mnara usio na kazi ni wa nini? Mbona fedha za mkopo wa serikali zitumike kuchonga nambari za milango, ilhali kuna familia ambazo bado zimebanana katika vyumba vya chini ya ardhi? Kwa bei ya mapambo yale, walisema, nyumba ngapi zaidi zingejengwa?

Wasanifu wa kizazi kilichofuata, waliopenda kuta nyeupe, vioo vikubwa na hesabu kali, walikuwa wakali zaidi. Kwao, De Klerk alikuwa mchoraji wa kuta za nje. Walitaja madirisha madogo yasiyoingiza mwanga wa kutosha, na vyumba vya ndani ambavyo, ukilinganisha na nje, vilikuwa vya kawaida tu. Nyumba zenyewe hazikuwa na bafu. Ukitaka kuoga vizuri, ulibeba taulo yako hadi bafu la umma.

Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi. Mtu anayelala kwenye unyevu anahitaji paa kabla ya mnara, na De Klerk, mtoto wa mtaa, alilijua hilo kuliko wakosoaji wake wengi.

Msimamo wake na wa waliomuunga mkono, akiwemo Arie Keppler aliyesimamia idara ya nyumba ya jiji, ulikuwa tofauti. Mfanyakazi, walisema, ameishi vizazi na vizazi bila kuona kitu kizuri kilichotengenezwa kwa ajili yake. Ukimpa sanduku la kulala pekee, umemwambia kwamba yeye ni mzigo wa kuhifadhiwa. Ukimpa nyumba iliyofikiriwa, umemwambia kwamba ni mtu.

Na mbona swali la gharama halikuulizwa kwa sauti hiyo hiyo kuhusu Scheepvaarthuis, na mabaharia wake wa mawe kila kona? Jibu liko wazi. Urembo wa tajiri huitwa heshima ya jiji. Urembo wa maskini huitwa ubadhirifu.

Alfajiri, kisha giza

Baada ya Meli, De Klerk na rafiki yake wa tangu ujana, Kramer, walipewa kazi na chama kingine cha wafanyakazi, De Dageraad, maana yake Alfajiri. Hii ilikuwa kusini mwa Amsterdam, katika mitaa mipya iliyopangwa na yule yule mzee Berlage.

Kramer alichukua kona zilizopinda kama maji yanayoteremka. De Klerk akachora viwanja viwili ambapo nyumba za wafanyakazi zilipangwa kwa makundi hivi kwamba ukiziona kwa mbali ungedhani ni majumba ya kifahari yaliyosimama bega kwa bega.

Lakini upepo ulikuwa umeanza kubadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilianza kukaza mkoba, na ujenzi ukarudi mikononi mwa wawekezaji binafsi. Sasa wasanifu waliitwa kuchora uso wa jengo tu, huku kontrakta akijenga ndani apendavyo. Watu walizifananisha nyumba hizo na mtu aliyevaa aproni nzuri mbele ili kuficha nguo za nyuma. De Klerk naye alizifanya kazi za aina hiyo. Alichora pia samani za bei ghali ambazo hakuna kibarua wa Spaarndammer angeweza kuzinunua. Hakuwa malaika. Alikuwa fundi aliyehitaji kula.

Kisha nimonia ikaja. Siku za dawa za kuua bakteria zilikuwa bado mbali, na mtu mwenye nguvu zake angeweza kuondoka ndani ya siku chache. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 24, 1923.

Wasanifu walimlilia. Jarida la sanaa la Wendingen, lililokuwa sauti ya kundi lao, lilitoa matoleo maalumu kuhusu kazi zake. Lakini rambirambi ambayo bado inasimuliwa haikutoka kwa msanifu. Mama mmoja, mke wa mfanyakazi, aliandika gazetini kumshukuru mtu aliyewajengea nyumba wake na watoto wa vibarua, na kusema kwamba mtaa wao ulikuwa kama ngano ya utotoni ambayo wao wenyewe wakiwa watoto hawakuwahi kuipata.

Kati ya wote waliolitolea jengo lile hukumu, mama huyo alikuwa na kitu ambacho wengi wao hawakuwa nacho: yeye alijua maisha ya nyumba hizo.

Meli bado inaelea

Bila De Klerk, mtindo ule haukudumu sana. Wendingen lilifungwa mapema miaka ya 1930, na kuta nyeupe za vioo zikashinda kwa muda mrefu. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, Wanazi waliwatoa Wayahudi wa Amsterdam majumbani mwao na kuwapeleka kambini. Takriban robo tatu ya Wayahudi wote wa Uholanzi waliuawa. Mtaa alikozaliwa De Klerk ulibaki na magofu na nyumba tupu.

Meli ilibaki imesimama. Posta yake iliendelea kuhudumia wakazi hadi 1999, na mnamo 2001 sehemu hiyo ikageuzwa kuwa makavazi ya Mkondo wa Amsterdam. Leo wageni hulipa kiingilio kutazama kaunta ambapo zamani kibarua aliweka akiba yake.

Lakini usidhani jengo lote ni maonyesho. Watu bado wanaishi humo, na Eigen Haard ingali chama cha nyumba. Asubuhi mtu hutoka kwenye mlango uliochorwa na De Klerk, akapita chini ya ule mnara usio na kazi, akaelekea kibaruani.

Wakosoaji walitaka kujua mnara ule ni wa nini. Yeye hauulizi. Jioni akirudi, anauona kutoka mbali, na anajua amefika kwake.